Kufunga hendsifrii kwenye redio iliyokuja na gari, bila kukata waya

Gari nyingi tunazoendesha Unguja na Pemba zimekuja kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na redio zake zimekuja nazo. IST, Vitz, Raum, Noah, Probox: redio imekaa vizuri kwenye dashibodi, inasoma CD, sauti yake si mbaya, lakini simu haiijui. Dereva aliyempokea mgeni uwanja wa ndege kumpeleka Nungwi anapigiwa na hoteli kabla hajafika Mahonda, na mkono unaopapasa mfukoni kutafuta simu ndio uliotakiwa uwe kwenye usukani pale mtoto anapokatisha barabara na baiskeli.

Dawa yake ipo, na haitaki uing'oe redio. Kuna kifaa cha Bluetooth, wengi hukiita hendsifrii ya gari, kinachofungwa nyuma ya redio ya kiwandani na kutumia spika zile zile za milangoni. Parrot, kampuni ya Ufaransa, ndiyo iliyovifanya vijulikane sana, na vipo vya makampuni mengine vinavyofanya kazi kwa mtindo huo huo. Naeleza hapa namna ya kukifunga bila ya kukata hata waya mmoja wa gari. Hilo nalisisitiza tangu mwanzo. Gari nyingi zinazosumbua umeme wa redio, chanzo chake ni plagi ya kiwandani iliyokatwa, nyaya zikaungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu, na hewa yetu ya chumvi ikafanya yaliyobaki.

Unaweza kusema kwa nini nisinunue tu redio mpya ya skrini kubwa pale Darajani. Kama redio yako imekufa, nunua. Kama inafanya kazi, sioni sababu ya kuiondoa: fremu yake inakaa sawasawa na dashibodi, vitufe vya usukani vinaitambua, na siku ukitaka kuuza gari mnunuzi anaikuta kama ilivyotoka kiwandani.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kina vipande vinne: boksi, maiki, kidude cha vitufe au skrini ndogo, na fungu la nyaya. Fungu hilo lina plagi pande zote mbili. Upande mmoja unapokea plagi ya gari, upande wa pili unaingia kwenye redio. Kwa hiyo kila sauti inayokwenda spikani inapitia kwenye kifaa. Ndani yake mna rilei, yaani swichi inayogeuzwa na umeme. Kama hakuna simu, rilei inaiacha redio iseme na spika moja kwa moja. Simu ikiingia, rilei inaitenga redio na kuzikabidhi spika kwa amplifaya ndogo ya kifaa. Ukimaliza kuzungumza, spika zinarudi kwa redio.

Elewa kazi ya rilei hiyo vizuri, kwa sababu wapo wanaoona usumbufu wa kutafuta plagi na badala yake wakaunga nyaya za sauti za kifaa juu ya nyaya za spika za redio. Usifanye hivyo hata kwa kujaribu. Amplifaya mbili zikisukuma spika moja, moja inaimwagia nyengine umeme wake, na mara nyingi inayokufa ni ya redio.

Na jengine linalohusiana na hilo. Redio za gari za siku hizi karibu zote zinasukuma kila spika kwa nyaya mbili, na kati ya hizo hakuna hata mmoja ulio ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye chuma cha bodi. Washa redio, weka mkia mweusi wa testa, ile mita ya kupimia volti, kwenye chuma cha bodi, mkia mwekundu kwenye waya wa spika: utasoma kiasi cha volti 6, yaani nusu ya betri. Hamisha kwenye waya wa pili wa spika hiyo hiyo, ule ulioandikwa hasi, na utasoma volti 6 hizo hizo. Sasa fikiria mtu anauchukua waya huo "hasi" na kuufunga kwenye bodi akidhani ni ethi. Redio nyengine ina kinga inayojizima, nyengine chipu yake inaungua papo hapo.

Vipo pia vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, vinavyorusha sauti kwa FM. Bei yake ni ndogo na havina kazi ya kufunga, kwa hiyo sitamkataza mtu. Lakini redio ya Japani ina mawimbi yake: FM ya kule inaanza 76 na redio nyingi zinaishia 90, zile za karibuni 95. Vidude hivyo vingi vinarusha kati ya 87.5 na 108. Maana yake ni kwamba vinakutana na redio yako kwenye kijinafasi tu, 87.5 hadi 90 au 95, na ukikiweka 101 kama maelekezo ya boksi yanavyopendekeza utahangaika bure. Isitoshe, maiki yake iko chini karibu na gia, mbali na mdomo wako, ikisikiliza zaidi ngurumo ya gari kuliko wewe. Anayekupigia atakwambia rudia, rudia, mpaka utaichukua simu mkononi, na hapo utakuwa hukufanya lolote.

Jua kwanza redio yako ni ya namna gani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoleta hasara kubwa kuliko zote.

Redio ya kawaida, yenye CD au kaseti na kiskrini chembamba cha namba, haina tatizo. Ukiikatia umeme itapoteza saa na stesheni ulizohifadhi, basi. Endelea.

Redio yenye skrini ya ramani ni habari nyengine. Baadhi yake zikikatiwa umeme, hata kwa dakika moja, zikirudi zinadai kadi ya ramani, au diski yake, au nambari ya siri, tena kwa Kijapani. Gari nyingi zinafika bandari ya Malindi bila ya kadi hiyo. Imebaki kule kule. Redio inayoimba vizuri leo inaweza kuwa inaimba kwa sababu tu umeme wake haujakatika tangu kadi au diski ilipoondolewa. Kwa hiyo fungua skrini, angalia tundu la kadi na la diski. Kama kadi au diski ya ramani imo, iache humo na endelea na kazi. Kama haimo, usichomoe plagi ya redio, usiifungue betri, wala usitoe fyuzi ya redio. Nitakupa njia nyengine mbele kidogo.

Kuna kundi la tatu: gari yenye amplifaya ya nje, kama baadhi ya Harrier na Alphard zenye spika nyingi. Nyuma ya redio zake huenda usikute kabisa nyaya za spika, zipo za ishara ndogo tu zinazokwenda kwenye amplifaya iliyofichwa chini ya kiti au nyuma. Plagi ya kawaida ya hendsifrii haifai hapo. Gari hizo nazo zitumie njia hiyo hiyo nyengine.

Vitu vya kuwa navyo

Kifaa chenyewe, na plagi za kuungia za Toyota: ile pana ya pini 10 na ndogo ya pini 6. Hapa ndipo watu wanapokwama. Kifaa kingi kinakuja na plagi za mtindo wa Ulaya, ambazo haziingii kwenye Toyota, Nissan wala Suzuki ya Japani. Zipo nyaya za kubadilisha, upande mmoja Ulaya na upande wa pili Toyota, na bei yake si kubwa. Kama mjini hazipatikani, agiza Kariakoo, zinakuja na boti siku hiyo hiyo au kesho yake. Aliye Chake au Wete aziagize pamoja na kifaa, asisubiri mpaka dashibodi iko wazi ndipo aanze kupiga simu.

Ongeza testa ya umeme, hata ya bei rahisi, bisibisi ya nyota, spana au soketi namba 10, kipande cha plastiki kigumu cha kubandulia fremu, tepu ya kitambaa, vifungo vya plastiki vya kukazia nyaya, na sponji nyembamba. Fundi asiye na testa, anayepima waya kwa kuugusisha kwenye chuma aone cheche, usimpe gari yako. Cheche moja kwenye waya usio wake inatosha kuunguza fyuzi au kitu kilicho ghali zaidi.

Kufungua dashibodi

Weka gari kivulini, vuta breki ya mkono, funika gia na sehemu ya mbele yake kwa kitambaa kizito. Kwenye Toyota nyingi za umri wa IST au Probox, fremu ya katikati imeshikwa na klipu tupu; unaingiza plastiki pembeni na kuvuta polepole kuelekea kwako, upande huu kidogo na upande ule kidogo. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi imekuwa kavu, haitaki ghadhabu. Ikikataa, kuna skurubu hujaiona. Kwenye baadhi ya gari lazima kwanza utoe vitufe vya AC au droo ndogo iliyo chini.

Nyuma ya fremu mna plagi za taa za hatari na pengine za AC. Zipige picha kwa simu kabla ya kuzichomoa. Baada ya hapo redio yenyewe inaonekana, mara nyingi imeshikwa na boliti nne za namba 10. Zikitoka, redio inavutika na vyuma vyake vya pembeni. Usiivute kwa nguvu, waya wa antena ni mfupi.

Ukikutana na plagi au bomba la nyaya la rangi ya manjano, hiyo ni mifuko ya hewa. Usiiguse, usiipime kwa testa, usipitishe waya wako juu yake.

Pima kabla ya kuunga

Betri bado imefungwa hapa, kwa sababu bila ya umeme hakuna cha kupima. Kwenye Toyota za Japani rangi zina utaratibu wake, na utaratibu huo haukubadilika sana kwa miaka mingi. Plagi ya pini 10:

- buluu yenye mstari wa manjano: moto wa kudumu, yaani umeme uliopo hata ufunguo ukitolewa
- kijivu: moto wa swichi, yaani ACC, unaokuja ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza
- kahawia: ethi
- kijani: taa za dashibodi
- kijani mpauko na buluu: spika ya mbele kulia, chanya na hasi
- waridi na zambarau: spika ya mbele kushoto, chanya na hasi

Plagi ya pini 6 ni ya spika za nyuma: nyekundu na nyeupe kulia, nyeusi na manjano kushoto. Angalia hapo: nyekundu na nyeusi, ambazo kila mtu anazijua kuwa ni moto na ethi, kwenye plagi hii ni nyaya za spika. Ndiyo maana nasema pima.

Ufunguo ukiwa umetolewa, mkia mweusi wa testa kwenye chuma kisicho na rangi, gusa waya wa moto wa kudumu: betri iliyojaa itakupa karibu volti 12.6. Gusa kijivu: lazima iwe sifuri. Sasa peleka ufunguo kwenye ACC, au kwenye gari ya kitufe bonyeza mara moja bila ya kukanyaga breki. Kijivu lazima kipande hadi volti 12 na kitu. Rudisha ufunguo, kishuke tena. Waya unaofanya hivyo ndio ACC, uwe na rangi yoyote ile. Mwisho hamishia testa kwenye upimaji wa ukinzani, ufunguo ukiwa umetolewa, pima kahawia na bodi: karibu na sifuri. Kama inaonesha namba inayorukaruka, ethi hiyo ina kutu, na itakuletea kelele spikani baadaye.

Mtego wa rangi za kifaa

Hapa nataka usome kwa utulivu. Kwenye vifaa vya Parrot na vingi vilivyofuata mtindo wake, nyekundu ni moto wa kudumu, chungwa ni moto wa swichi, nyeusi ni ethi, na manjano ni waya wa kuinyamazisha redio. Lakini kwenye redio za dukani, ambazo mafundi wetu wanazifunga kila siku, manjano ndiyo moto wa kudumu na nyekundu ndiyo ACC. Mkono wa fundi umeshazoea. Ukimkabidhi hendsifrii bila ya kumwambia, atapeleka manjano kwenye moto wa kudumu, na waya ule haukutengenezwa kupokea moto. Wenyewe ndio unaotoa ishara. Soma karatasi ya kifaa chako, kwa sababu makampuni hayafanani, na andika kwa kalamu kwenye kipande cha tepu kila waya ni wa nini kabla hujaanza.

Ule waya wa kunyamazisha, redio ya kiwandani mara nyingi haina pa kuupokea. Hauhitajiki pia, kwa sababu rilei inaitenga redio. Zungushia tepu ncha yake, uukunje, uufunge pembeni. Usiukate, siku moja unaweza kubadilisha redio.

Watu hufupisha kazi kwa kufunga nyekundu na chungwa pamoja. Zikiwa zote kwenye moto wa kudumu, kifaa hakilali, kinanyonya betri usiku na mchana, na gari iliyokaa siku kadhaa itakataa kuwaka. Zikiwa zote kwenye ACC, kifaa kinazimika ghafla unapozima gari, mazungumzo yakikatika katikati, na kinazimika tena kila unapopiga stata kwa sababu ACC inakatwa wakati wa kuwasha injini. Weka kila waya mahali pake.

Kuunga

Ukishapima, zima kila kitu, toa ufunguo, fungua betri, upande wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utapata shoti. Chomoa plagi za redio kwa kubonyeza ulimi wake, usivute nyaya. Kama ndani ya plagi mna ukungu wa kijani, puliza dawa ya kusafishia plagi za umeme na uiache ikauke. Chomeka plagi ya gari kwenye fungu la kifaa, na plagi ya fungu kwenye redio. Kila moja lazima ilie "tak". Kama haikulia, haijaingia.

Hakikisha moto wa kudumu na wa swichi wa kifaa una fyuzi zake ndogo ndani ya vishikio kwenye fungu. Kama umenunua kifaa kilichotumika na fyuzi zimetolewa na kuungwa waya mtupu, weka fyuzi mpya za ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi.

Usikaze chochote bado. Rudisha betri, washa ACC, sikiliza redio pande zote nne, kisha jaribu kupiga simu na redio bado iko mapajani. Kufungua tena dashibodi iliyokwisha kufungwa ni kazi ya mara mbili.

Njia ya wasioweza kugusa redio

Kwa redio iliyokosa kadi ya ramani, na kwa gari zenye amplifaya ya nje, kiache kifaa kijitegemee. Moto wa swichi uuchukue kwenye boksi la fyuzi kwa kiungo cha fyuzi, kile kinachochomekwa badala ya fyuzi na kubeba mbili: ile ya zamani na mpya yako. Chagua fyuzi ya tundu la kuwashia sigara, usichague ya redio. Moto wa kudumu uutafute vivyo hivyo kwa testa kwenye fyuzi isiyozimika, wala usichukue ya breki, ya injini au ya mifuko ya hewa. Ethi uifunge kwenye boliti yoyote iliyoshika chuma cha bodi, ukishakwangua rangi.

Sauti itoke kwenye spika ndogo ya peke yake, ya omu 4, iliyofungwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Redio haitanyamaza yenyewe simu ikiingia, utaishusha kwa mkono. Ni upungufu, lakini ni mdogo kuliko redio iliyojifunga na kukuonesha maandishi ya Kijapani mpaka utakapoiuza gari.

Maiki

Nyaya ukikosea, kifaa hakiwaki na unajua. Maiki ukiiweka vibaya, kila kitu kinawaka na hakuna anayekusikia. Kwa hiyo ipe muda.

Gari zetu dereva anakaa kulia. Wengi huibandika maiki kwenye nguzo ya kioo cha mbele, pale pale kulia, kwa sababu waya unashuka vizuri. Kwa Ulaya wanakoendesha vioo vimefungwa, sawa. Sisi tunaendesha na kioo cha mlango kimeshushwa, hasa Kaskazi inapopungua na joto kuzidi, na upepo wote unapiga kwenye nguzo ile. Weka maiki juu, karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, ikiangalia mdomo wako, kiasi cha nusu mita kutoka usoni. Hapo dirisha liko mbali, tundu la AC halipulizi, na spika za milangoni ziko chini nyuma yake.

Usiiweke kwenye kizuia jua. Ukikishusha maiki inageuka. Usiiweke juu ya dashibodi. Jua la saa saba linaiva pale, na gundi inayeyuka.

Waya wake uingize ndani ya mpaka wa kitambaa cha paa kwa kidole, upeleke pembeni, ushuke kwenye nguzo. Kama gari yako ina mifuko ya hewa ya pembeni, nguzo ina maandishi ya SRS Airbag au alama yake. Hapo waya upite nyuma ya mfuko na ufungwe kwenye fungu la nyaya lililopo, usikatize mbele yake kamwe, kwa sababu mfuko ukifunguka unauchana waya na kuurusha. Kama huna uhakika, ushushe waya kupitia mpira wa mlango badala ya ndani ya nguzo.

Boksi, na kufunga dashibodi

Boksi lizungushie sponji na ulifunge kwa vifungo vya plastiki nyuma ya droo ya abiria au juu ya redio kama nafasi ipo. Usilizungushie chuma, Bluetooth haitapita. Usiliweke chini ya zulia. Masika maji yanaingia gari ya mtu bila ya yeye kujua. Wala usiliweke chini ya boksi la AC, lile linatona maji.

Nyaya zote zilizobaki zikunje, zifunge tepu ya kitambaa, zisiguse vyuma vyenye makali wala nguzo ya usukani. Zungusha usukani mwisho kulia na mwisho kushoto uone kama hakuna kinachovutika. Rudisha redio, boliti, plagi za taa za hatari kwa kufuata picha uliyopiga, kisha fremu.

Jaribu kwenye barabara yenye mtikiso. Anayekwenda Paje ana matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na yatamwambia haraka kama kuna kitu kinagonga nyuma ya dashibodi.

Kuunganisha simu

Washa Bluetooth ya simu, tafuta jina la kifaa, weka nambari. Vifaa vya zamani hutumia 0000 au 1234. Ruhusu simu ipeleke majina. Vifaa vingine vinapokea simu tu na havichezi muziki. Mwenye kutaka kusikiliza Kurani au taarabu kutoka kwenye simu aulize hilo kabla ya kununua, kwa sababu ni uwezo tofauti ndani ya Bluetooth.

Kupiga kwa kutaja jina kwa mdomo sikushauri kukitegemea. Vifaa hivi vilifundishwa lugha za Ulaya, na Mwanakhamis au Shaame vitakupelekea kwengine. Weka watu wako wa kila siku kwenye vitufe vya haraka. Zima pia kule kifaa kujipokelea simu chenyewe: si kila simu inafaa isikike na abiria wote, na kuna wakati unapita gari nyengine na hutaki sauti yoyote sikioni. Mikono yako ipo huru, lakini akili bado inagawika. Sema "Naendesha, nitakupigia", ukate, hasa kwenye kona za Chake kwenda Wete.

Kikisumbua

Anayekupigia anasikia sauti yake mwenyewe ikirudi: punguza sauti ya spika kwanza, kisha igeuze maiki iangalie mbali na milango. Kifaa kinachokuruhusu kutumia spika ya upande wa dereva peke yake, chagua hivyo.

Unasikia sauti ya anayekupigia imezama, kama mtu yuko ndani ya kisima: spika mbili za mbele zimepishana chanya na hasi. Rudi kwenye plagi ya kubadilishia, hapo ndipo zilipogeuzwa.

Kifaa kinasahau simu kila asubuhi: moto wa kudumu na wa swichi umebadilishana, au fyuzi ya moto wa kudumu imekatika.

Simu ikiingia redio inaendelea kuimba juu yake: kuna spika za nyuma ambazo hazikupitishwa kwenye kifaa. Pengine plagi ya pini 6 haikupitishwa kwenye fungu la kifaa. Iunge.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini ni umeme wa altaneta unaoingia kwenye sauti, na karibu kila mara njia yake ni ethi mbaya. Ihamishe ethi ya kifaa hadi kwenye boliti iliyokwanguliwa vizuri, na utenganishe waya wa maiki na nyaya za moto kwa kiasi cha kiganja. Kama mlio umebaki hata maiki ikichomolewa, angalia ethi ya betri yenyewe pale inaposhika bodi; kwenye gari za pwani mara nyingi utaikuta imevaa unga mweupe na kijani. Ifungue, isugue, uikaze tena, halafu uipake grisi.